Cheti Nilichokipokea kwa Magoti

Kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, niseme jambo moja lieleweke: mimi si mtu mnyenyekevu. Nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Pale chuoni kwetu Mwanza nilishawahi kubishana na mhadhiri mpaka akafunga kompyuta yake akatoka nje kupunga upepo. Mtaani kwetu Nyegezi, maji yakikatika tukapanga foleni kwenye bomba la jirani, hakuna anayethubutu kupitisha ndoo yake mbele ya yangu. Kwa hiyo wale walioandika mtandaoni kwamba mimi ni binti mwenye moyo wa kitumwa hawanijui, na ningependa siku moja tukutane ana kwa ana.

Lakini magoti ni habari nyingine. Sisi ni Wahaya. Baba na mama walihamia Mwanza kikazi kabla sijazaliwa, wakaja na Ukatoliki wao, ndizi zao na adabu zao zote, hawakusahau hata moja njiani. Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Hampi kitu akiwa amesimama, wala hapokei kitu kutoka kwake akiwa amesimama. Unapiga magoti, unatoa mikono miwili, unashusha macho kidogo, yameisha. Haiumi wala haichukui muda. Nilipokuwa mdogo nilidhani goti liliumbwa kwa kazi hiyo, na kutembea ni kazi yake ya ziada.

Aliyenifundisha ni mama. Mama ni muuguzi, mkuu wa wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya mjini, mwanamke anayeweza kumnyamazisha daktari kwa kumtazama tu. Bibi akija kutoka Kagera, mwanamke huyo huyo anashuka chini pale sebuleni na sare yake nyeupe, anasalimia kwa sauti ya mtoto. Akiinuka hapo amesharudi kuwa mkuu wa wodi, anampangia bibi saa za kumeza dawa za presha na hataki mjadala. Nilikua nikimwona hivyo na sikuwahi kumwona amepungua chochote.

Ndiyo maana nasema kwamba katika haya nitakayosimulia, mimi mwenyewe nilikuwa na kidogo tu cha kupoteza. Mwenye kupoteza alikuwa mama. Malezi yake ndiyo yaliyokuja kuanikwa, na kila mwenye simu akapita akiyagusa.

Nilichaguliwa nikiwa mwaka wa tatu. Ilikuwa kozi ya wiki nne kuhusu maziwa na maji baridi, kwenye chuo kikongwe cha Uingereza, kikongwe kiasi kwamba ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu. Nilikuwa nimeandika kuhusu magugu maji yanavyoziba mialo, kule wavuvi wanakoegesha mitumbwi hapa ziwani, nikatuma bila kutegemea lolote, wakanijibu nije, gharama zote juu yao. Baba alinyamaza siku nzima kwa furaha. Mama yeye hajui kunyamaza. Mpaka jioni wodi nzima ilikuwa inajua, na wagonjwa nao.

Jumuiya yetu ya kanisani ikaja nyumbani kuniombea safari. Mama alipika kana kwamba naolewa: ndizi kwa maharage, sato wa kukaanga, wali kwa wale wasiohesabu ndizi kuwa chakula. Tukasali, tukaimba, kisha mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja jirani yetu mwenye duka la vitenge, akasimama kuniasa. Akasema nisije nikarudi nikawa nasalimia watu kwa kupunga mkono kama mtu anayefukuza inzi. Watu wakacheka. Mama akajibu kwa niaba yangu, na maneno yake nayakumbuka vizuri kuliko ningependa.

"Huyu haendi kutafuta adabu," alisema. "Adabu anaondoka nayo hapa hapa. Wao ndio watakaojifunza kwake."

Vigelegele vikapigwa mpaka majirani Waislamu wa upande wa pili wakachungulia kuuliza kama kuna harusi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, masikio yamepata moto kwa fahari.

Kule waliiita kozi ya majira ya joto. Joto lenyewe mimi sikuliona, nilivaa sweta kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kulikuwa na bustani ya nyasi katikati ya majengo, nyasi nzuri kweli kweli, zimekatwa zikalingana kama nywele za askari, na kulikuwa na sheria kwamba wanaoruhusiwa kuzikanyaga ni maprofesa peke yao. Nikawaza ng'ombe wa Wasukuma wangepitishwa pale asubuhi moja tu ubishi ungekwisha. Sikumwambia mtu. Nilikuwa bado najipima.

Mkuu wa kozi alikuwa profesa mwanamke, umri wa bibi yangu, mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, mguu wa kulia unamsumbua. Alishawahi kufika Mwanza ujanani mwake kusoma maji ya ziwa, na alijua tofauti ya sangara na sato bila kuangalia picha. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kutupokea, mmoja mmoja. Akatuambia tumwite jina lake la kwanza. Hilo sikuliweza. Kwa wiki zote nne sikumwita kitu chochote. Nikimhitaji nilikuwa nakohoa.

Zamu yangu ilipofika akanyoosha mkono, na goti langu likaanza safari bila kuniaga. Nikalikamata katikati ya njia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Aliyeliona hilo ni Mtanzania mwenzangu, kaka mmoja wa Dar es Salaam, mtu wa kuchekacheka, tulikuwa wawili tu kutoka nyumbani. Alinifuata baadaye kwenye chai.

"Aisee sista, ile ilikuwa nini?"

"Ilikuwa nini ipi?"

"Usinizuge. Huku hawafanyi hivyo. Watakuona umetoka porini."

Nilimwambia ashughulike na chai yake. Lakini maneno yaliingia. Jioni ile nilisimama chumbani kwangu mbele ya mlango, nikaupa mkono mkono wa koti langu lililoning'inia pale, nimesimama wima, nikalitazama koti machoni. Nikarudia na kurudia. Mtu angenikuta angesema huyu kichwa kimeshaanza.

Nikafanikiwa, si utani. Wiki ya pili nilikuwa nampa profesa mkono kama mtoto wa balozi. Mdomo wangu nao ukarudi mahali pake. Darasani tulikaa kuzunguka meza moja, na siku profesa aliposema magugu maji yamepungua nguvu nilimkatalia. Nikamwambia aje awaulize wavuvi wanaosukuma mitumbwi wakiwa ndani ya maji mpaka kifuani.  Yeye akacheka, akasema alikuwa anangoja mtu wa kumbishia tangu kozi ilipoanza. Kutoka hapo akawa ananitafuta kwa macho kila akisema jambo, aone kama nimekunja uso. Nilimpenda yule mzee. Naliweka wazi kwa sababu waliokuja kuandika waliandika kila kitu isipokuwa hilo.

Siku ya mwisho kulikuwa na chakula cha kuagana. Ilikuwa jioni lakini jua lilikuwa bado linawaka kama saa kumi ya kwetu. Tulikula kwenye ukumbi mrefu wa mbao, wenye picha za wazee wa zamani ukutani, wote wanaonekana kama watu waliocheleweshewa chakula. Baada ya kula vyeti vikaanza kutolewa. Mguu wa profesa siku hiyo ulikuwa umemzidia, akaletewa kiti mbele ya ukumbi. Akawa anatoa vyeti akiwa ameketi. Wanafunzi wanaitwa, wanafika, wanainama kidogo, wanapeana naye mkono, wanapokea, wanaondoka. Wepesi tu.

Nilikuwa kwenye mstari najiambia simama, simama, simama. Sasa mnielewe vizuri hapa. Wiki zote zile nilikuwa nimejizoeza kusimama mbele ya mtu aliyesimama. Kusimama juu ya mzee aliyeketi sikujizoeza hata mara moja. Kwetu mtu akimsimamia mkubwa aliyekaa, akanyoosha mkono achukue kitu, huyo amekuja kukamata mali ya mdaiwa. Hata mgambo hujikunyata kidogo.

Nikafika mbele yake. Akainua uso kunitazama kutoka kule chini, anatabasamu, cheti kiko mkononi. Nikajikuta niko sakafuni. Magoti yote mawili, mikono yote miwili mbele, macho yameshuka. Sikuamua. Laiti ningekuwa nimeamua ningekuwa na la kujitetea.

 Nikainua macho, nikaona uso wa profesa umekuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Tafadhali usifanye hivi," akaninong'oneza. "Tafadhali, simama."

Akataka kuinuka yeye ili aniinue mimi. Mguu ukamkatalia, akayumba, akanishika bega kwa nguvu asianguke. Kwa hiyo tukakaa vile kwa muda, mimi chini, yeye ameniegemea bega kwa uzito wake wote. Kwa mtu aliyekuwa mbali ilionekana kana kwamba mama wa Kizungu anamkandamiza binti mweusi sakafuni. Na kaka wa Dar alikuwa mbali, na simu yake ilikuwa juu.

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wote. Wakasimama kabisa kunipigia makofi. Wangenizomea ningejua la kufanya, kuzomewa nina uzoefu nako. Yale makofi yalinimaliza. Nilirudi mezani natamani nipatwe na homa nibebwe nitolewe mle ndani.

Profesa alinikuta baadaye nje kwenye benchi, amekuja na fimbo yake taratibu. Alikaa pembeni yangu. Akaniuliza kama kuna jambo lolote alilofanya, au alilosema, lililonifanya nione kwamba lazima nipige magoti mbele yake. Akasema watu wake walifanya mengi mabaya kwetu na amejitahidi maisha yake yote asiwe kama wao.  Nilitaka kumwambia: ni kwa sababu ulikuwa umekaa. Basi, hakuna zaidi. Lakini hiyo sentensi kwa Kiingereza haina maana yoyote, niliigeuza huku na huku kichwani, kila nikiigeuza inakuwa ya kijinga zaidi. Mimi mwenye mdomo nikakosa neno. Nikasema samahani. Na yeye akasema samahani. Tukakaa pale wawili, kila mmoja anamwonea mwenzake aibu.

Kaka wa Dar aliirusha ile video usiku huo, kwa nia njema, ameweka na bendera ya taifa na neno moja, malezi. Najua ilikuwa nia njema kwa sababu baadaye alinipigia karibu analia. Lakini nilipofika uwanja wa ndege kesho yake kusubiri safari ya kurudi, ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine, wameikata. Cheti hakionekani. Kiti hakionekani. Kinachoonekana ni mimi chini na ule mkono begani. Wameandika juu yake kwamba utumwa haujaisha.

Nikafanya kosa la kusoma maoni. Walioniita mbwa niliwasamehe, hao ni vijana wasio na kazi. Waliosema ndiyo maana Waafrika tunadharauliwa niliwajibu kimoyomoyo, na majibu yangu hayafai kuandikwa. Lakini kulikuwa na mmoja aliyeandika kwa utulivu, bila tusi, kama mtu anayeuliza njia: wazazi wa huyu binti ni akina nani? Hapo nikaacha kusoma. Nikamuwaza mama.

Mama kwa kawaida hunitumia sauti, hataki kuandika. Ananitumia sauti ndefu, ndani yake kuna kikohozi cha jirani, kuna kengele ya wodi, kuna maagizo kwa mtu mwingine kabisa. Siku ile hakutuma sauti. Nilimpigia haikupokelewa. Baadaye sana likaja neno moja la kuandikwa: umekula?

Nikajibu nimekula. 

Nilipofika mahali pa kubadilisha ndege nikafungua simu tena, nikakuta grupu la jumuiya limejaa. Mwenyekiti, yule mama wa vitenge, alikuwa ameiweka video mle ndani na kuuliza kwa upole wote wa dunia, jamani, huyu si binti yetu tuliyemwombea? Chini yake hakuna aliyejibu kwa muda mrefu, nilikuwa naona saa. Kisha mama akajibu. Aliandika yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, yeye asiyependa kuandika.

"Ndiye. Aliteleza. Sakafu za kule wanazipaka nta. Tumshukuru Mungu hakuvunjika."

Baada ya hapo zikamiminika pole. Pole mama. Pole kwa binti. Mungu ni mwema. Mmoja akasema hata yeye shemeji yake alianguka hivyo hivyo kwenye hoteli ya vigae. Mwenyekiti akaandika kwamba wazungu wanapenda sana kung'arisha, hawafikirii mtu.

Nililia pale kwenye viti vya uwanja wa ndege, nikageukia ukutani watu wasinione. Mama simjui kwa uongo. Huyu ni mtu aliyewahi kusimama mbele ya mkuu wake wa kazi akakiri kosa ambalo hakuna mtu angelijua. Na sasa kitu alichonifundisha mwenyewe, kwa mikono yake, akinibonyeza bega taratibu nilipokuwa sijui hata kuongea vizuri, alikuwa amekikana mbele ya wanawake wote aliojitapa kwao. Alikikana kwa ajili yangu. Niliona aibu kuliko nilivyoona ukumbini, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ndani ya ndege ya kuja Mwanza nikapanga langu. Mimi ni mbishi, nimeshasema. Nikaamua nikishuka nitapiga magoti pale pale uwanjani, mbele ya jumuiya nzima, nimsalimie mama kama nilivyolelewa. Wanaotaka kupiga picha wapige. Nilitaka waone mimi sitelezi ovyo.

Walikuja kweli, ilikuwa imepangwa tangu siku ya maombi. Wamevaa vitenge vya sare, mwenyekiti mbele, mama katikati yao. Nilimwona amepungua. Nikaweka begi chini, nikamwendea, nikaanza kushuka. Sikufika. Mkono ulinishika juu ya kiwiko, mkono wa mkunga, unaovuta watoto duniani, ukaniinua ukanigandamiza kifuani kwake nikiwa wima.

"Pole na safari, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Sikioni kwangu hakusema chochote. Nilisikia tu anavyopumua.

Mwenyekiti akasogea. "Na goti je? Halijavimba?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama chini, kwenye lami.

"Linaendelea vizuri, mama," nikamjibu mwenyekiti. "Shikamoo." Nikiwa nimesimama.

"Marahaba. Ulikande na maji ya moto yenye chumvi, usilidharau goti."

Nikashukuru. Na tulipoanza kutembea kuelekea kwenye gari la kukodi, hili nalo niliseme, nikajikuta nachechemea kidogo. Hakuna aliyeniomba. Nilichechemea mpaka kwenye mlango wa gari, na wanawake wale wakanipokonya begi kwa huruma.

Njia nzima mama aliongea. Aliongea kuhusu bei ya nyanya, kuhusu paroko mpya, kuhusu bomba letu kupasuka. Ziwa lilikuwa pembeni yetu linametameta kwa jua la mchana, na mimi nilikuwa naitikia ndiyo, kweli, loo. Nyumbani tukala, wakasali, wakaniomba niseme machache kuhusu kozi. Nikasema kuhusu maji. Hakuna aliyeuliza kuhusu ukumbi. Walikuwa wanajua, naapa walikuwa wanajua wote. Walinitazama kwa upole ule wa kumtazama mtu aliyefiwa. Ndipo nilipoelewa kwamba uongo wa mama haukumdanganya mtu. Walikuwa wameupokea tu, kwa sababu aliwaomba waupokee.

Walipoondoka alasiri ile tukabaki wawili sebuleni. Baba alikuwa Kagera kwenye mavuno ya kahawa. Mama akaanza kukusanya sahani. Nikamwambia aziache.

"Kwa nini ulisema niliteleza?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli. Ungesema ulinilea hivyo. Si ulisema wao ndio watajifunza kwangu?"

Nilisema kwa ukali. Hasira zangu nilizokosa pa kuziweka tangu Uingereza nikamwekea yeye. Mama akaweka sahani chini, akakaa. Hakunikemea kwa ukali wangu ule, na kwa kawaida angenikemea.

"Kuna muuguzi mwanafunzi," akasema, "yuko kwangu wodini. Binti mzuri, mchapakazi. Alinionyesha ile video yeye wa kwanza. Hakujua ni wewe. Akaniambia, mama, hebu ona mtu aliyeharibiwa na wazazi wake."

"Ukamjibuje?"

 Alikuwa anakunjakunja ncha ya kitenge chake.

"Nilicheka," akasema. "Nilicheka naye."

 Mama akafuta uso kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta jasho.

"Alikuwa mzee kweli, yule mama?"

"Mzee. Kama bibi. Na mguu unamsumbua."

"Kwenye ile video hakuna kiti."

"Walikikata. Alikuwa amekaa, mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti, ananipa kitu."

"Amekaa," akarudia. Alitikisa kichwa pole pole, muda mrefu. "Sasa ungesimama vipi. Mtu amekaa, mzee, ungesimama vipi."

Nilikuwa nimesikia watu wengi wakizungumza habari ile, wa kunitetea na wa kunitukana, na kati yao wote huyo ndiye wa kwanza kuielewa.  Nikavua viatu.

"Tangu umefika hujanisalimia," mama akasema.

"Ulinizuia."

"Najua."

Nikasogea mbele ya kiti chake kwenye zulia, nikakunja gauni.

"Subiri," akasema.

Akainuka. Akaenda dirishani, upande wa barabarani, akafunga pazia. Akaenda la pili akalifunga na lenyewe, akalivuta ncha mpaka zikakutana. Akasukuma mlango, akausikiliza kama umekaza. Kisha akarudi kukaa, akaweka mikono mapajani, akaniambia, "Haya, sasa." Nikapiga magoti gizani mle nikamsalimia kwa Kihaya, na mama akaniitikia kwa sauti ya chini, ili nje wasisikie.